Cuvier: Msomi aliyethibitisha kuwa viumbe hutoweka

MWISHONI mwa karne ya 18, wasomi wengi wa Ulaya walishikilia kwamba hakuna aina ya mnyama iliyowahi kutoweka duniani. Mifupa mikubwa iliyofukuliwa ardhini ilidaiwa kuwa ya ndovu waliopotea njia, au ya wanyama waliokuwa bado wamejificha katika nchi ambazo wasafiri hawajazifikia. Aliyeibomoa imani hiyo ni Georges Cuvier, akiwa kijana wa miaka 26 tu.

Cuvier alizaliwa Agosti 23, 1769 mjini Montbéliard, ambao leo uko Ufaransa lakini wakati huo ulikuwa chini ya mtawala wa Württemberg, Ujerumani. Baba yake alikuwa afisa mstaafu wa jeshi. Kijana huyo alisomea Stuttgart, na alipohitimu mwaka 1788 ikambidi awe mwalimu wa nyumbani kwa familia ya kikabaila huko Normandy. Wakati Mapinduzi ya Ufaransa yakimwaga damu jijini Paris, yeye alikuwa pwani akipasua samaki na konokono wa baharini na kuchora alichokiona ndani yao. Mwaka 1795 alihamia Paris na kupata kazi katika makavazi ya taifa ya elimu ya viumbe.

Mwaka uliofuata aliwasomea wasomi wenzake makala kuhusu ndovu. Alilinganisha meno na taya, akaonyesha kuwa ndovu wa Afrika na yule wa India ni aina mbili tofauti, na kwamba mifupa iliyopatikana Siberia haikuwa ya yeyote kati yao. Ilikuwa ya mnyama ambaye hayupo tena.

Nguzo ya kazi yake ilikuwa moja: viungo vya mwili hutegemeana. Mnyama mwenye meno ya kurarua nyama hawezi kuwa na kwato. Mwaka 1804 aliletewa jiwe lenye mifupa midogo kutoka machimbo ya jasi ya Montmartre, Paris. Kwa kutazama taya pekee, alitabiri kuwa mnyama huyo alikuwa wa jamii ya wanaobeba watoto mfukoni, na kwamba chini ya jiwe ingepatikana mifupa miwili inayoandamana na mfuko huo. Aliwaita mashahidi, akachokoa jiwe taratibu mbele yao, na mifupa hiyo ikajitokeza.

Aliposhirikiana na Alexandre Brongniart kuchunguza matabaka ya ardhi kandokando ya Paris, ulibainika mpangilio ambao haukutarajiwa. Matabaka ya juu yalikuwa na mamalia wanaofanana na wa leo. Ya chini yake yalikuwa na mamalia wageni kabisa. Katika miamba mikongwe zaidi ya nchi nyingine, waliotawala walikuwa wanyama watambaao, kama yule wa Maastricht, Uholanzi, ambaye Cuvier alimtambua kuwa jamaa wa kenge aliyeishi baharini. Hivyo alitangulia kuona kwamba enzi ya watambaao ilikuja kabla ya enzi ya mamalia. Hata hivyo, mwaka 1818 alionyeshwa huko Oxford taya dogo kutoka miamba ya watambaao hao, naye akakiri kuwa ni la mamalia. Leo inajulikana kwamba mamalia wadogo waliishi na dinosaria kwa zaidi ya miaka milioni 150 kabla ya kupata nafasi ya kutamba.

Hakuwa mtu asiyekosea. Jino la dinosaria aliyekula majani, lililoletwa kutoka Uingereza, alilidhania kuwa la faru, ingawa baadaye alikubali kosa hilo waziwazi. Kosa kubwa zaidi hakulikubali kamwe: alikataa kata kata kwamba aina moja ya kiumbe huweza kubadilika na kuwa nyingine, na Lamarck aliyeshikilia hoja hiyo alimkejeli hata katika wasifu wa tanzia. Alisema viumbe waliangamizwa na majanga ya ghafla. Wanajiolojia waliomfuata walimbeza kwa hilo, hadi mwaka 1980 Luis Alvarez na wenzake walipotoa ushahidi kuwa dinosaria waliangamia baada ya jiwe kutoka angani kuigonga dunia, miaka milioni 66 iliyopita.

Kwa msomaji wa Afrika, lipo doa zito zaidi. Sarah Baartman, mwanamke Mkhoikhoi aliyepelekwa Ulaya kuonyeshwa watu kwa malipo, alipofariki Paris mwishoni mwa 1815, Cuvier aliupasua mwili wake, akahifadhi ubongo na sehemu zake za siri, kisha akaandika ripoti iliyomfananisha na nyani. Jicho lililopambanua ndovu kwa meno lilishindwa kumwona binadamu.

Cuvier alitumikia tawala kadhaa, kuanzia ya Napoleon, na alipewa cheo cha baroni. Nyumbani hakuwa na bahati: watoto wake wote wanne walitangulia kufa. Aliaga dunia Mei 13, 1832 akiwa na umri wa miaka 62 na kuzikwa Paris. Mifupa ya Baartman iliendelea kuonyeshwa katika jiji hilo hadi miaka ya 1970. Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria ya kuirejesha mwaka 2002, naye akazikwa Agosti 9 mwaka huo huko Hankey, Afrika Kusini.