Bradford Leslie, mhandisi wa daraja lililoelea juu ya mto Hooghly

Kwa karibu miaka 70, abiria walioshuka katika kituo cha reli cha Howrah, mashariki mwa India, waliingia mji wa Calcutta kwa kupita juu ya daraja lisilokuwa na hata nguzo moja iliyosimama ndani ya mto. Daraja hilo lilibebwa na matishari ya chuma yaliyotiwa nanga katika mto Hooghly. Mwenye kulibuni alikuwa Mwingereza, Bradford Leslie.

Leslie alizaliwa London mwaka 1831 katika nyumba ya wasanii. Baba yake, Charles Robert Leslie, alikuwa mchoraji mashuhuri aliyekulia Marekani, na ndugu yake George naye alishika brashi. Bradford alichagua njia nyingine. Akiwa kijana wa miaka 16 hivi aliingia uanagenzi kwa Isambard Kingdom Brunel, aliyekuwa miongoni mwa wahandisi wakubwa wa reli na madaraja wa Uingereza katika karne ya 19.

Mwishoni mwa miaka ya 1850 alikwenda Bengal kufanya kazi katika reli mpya ya mashariki ya jimbo hilo. Huko alikuta ardhi ambayo haikufanana na ya kwao. Bengal ni nchi ya tope na mchanga ulioletwa na mito kwa maelfu ya miaka, na mwamba wa kuwekea msingi hauonekani. Mto nao huweza kula ukingo wake katika msimu mmoja wa mvua. Katika eneo ambalo leo ni Bangladesh, Leslie alisimamia ujenzi wa daraja la reli la mto Gorai, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1870. Kazi ngumu ya daraja hilo ilikuwa chini ya maji, katika kuzamisha nguzo kwa kina cha kutosha ili mkondo usije ukazing'oa.

Mtihani mkubwa zaidi ulimngojea Calcutta. Mji huo, ambao tangu mwaka 2001 unaitwa Kolkata, wakati huo ulikuwa makao makuu ya utawala wa Waingereza nchini India. Reli kutoka bara ilikomea ng'ambo ya pili, Howrah, ambako treni zilianza kusafiri mwaka 1854. Watu na mizigo iliwabidi kuvuka kwa vyombo vya majini. Mwaka 1862 mhandisi mkuu wa reli, George Turnbull, alipotakiwa kuchunguza uwezekano wa kujenga daraja, alieleza kwamba mbele ya mji tope lilikuwa na kina kirefu mno, gharama ingekuwa kubwa kupita kiasi, na meli zingezuiwa njia. Alishauri daraja lijengwe kaskazini, kwenye udongo mgumu zaidi. Lakini wafanyabiashara na wasafiri walilihitaji palepale mjini.

Jibu la Leslie lilikuwa kuacha kushindana na tope. Daraja lake lilielea, likipanda maji yalipojaa na kushuka yalipokupwa. Sehemu zake zilitengenezwa Uingereza, zikasafirishwa kwa meli na kuunganishwa Calcutta. Lilikuwa na urefu wa futi 1,528 na upana wa futi 62, na gharama yake ilifika rupia milioni 2.2. Katikati palikuwa na kipande cha futi 200 kilichoweza kufunguliwa na kusogezwa kando ili meli zipite. Mwaka 1874, meli moja iliyokatika nanga katika kimbunga ililigonga na kuyazamisha matishari matatu. Hata hivyo, daraja lilitengenezwa, na likafunguliwa kwa umma mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Suluhisho hilo lilikuwa na gharama yake. Kila kipande cha kati kilipofunguliwa, safari za nchi kavu zilisimama. Maji yalipokupwa sana, miteremko ya kuingilia darajani ikawa mikali, nayo mikokoteni ya ng'ombe ikapanda kwa shida. Hesabu iliyofanywa mwaka 1906 ilionyesha kwamba mikokoteni hiyo ilikuwa sehemu 8 kati ya kila 13 za magari yote yaliyopita. Daraja lililojengwa kwa ajili ya mji wa mwaka 1874 lilikuwa limezidiwa na mji uliokuzwa nalo.

Leslie mwenyewe alikwisha kupanda ngazi. Kuanzia mwaka 1876 aliiongoza kampuni ya reli ya East Indian nchini India, na mwaka 1887 alipewa heshima ya kuitwa Sir. Mwaka huo huo lilifunguliwa daraja la Jubilee, kazi yake pamoja na mhandisi Alexander Rendel, upande wa kaskazini wa Calcutta karibu na mji wa Hooghly. Hapo, mahali palipoweza kubeba nguzo, treni ziliuvuka mto huo bila kusimama. Daraja hilo lilitumika hadi mwaka 2016, lilipostaafishwa na kuachia nafasi daraja jipya lililojengwa kando yake.

Leslie alifariki mwaka 1926 akiwa amepita umri wa miaka 90, na daraja lake la Howrah lilikuwa bado linaelea. Liliondolewa kazini mwaka 1943, katikati ya vita vikuu vya pili, lilipofunguliwa daraja la chuma ambalo sasa linaitwa Rabindra Setu. Daraja hilo jipya limetumia tani zipatazo 26,500 za chuma, na nguzo zake kuu zimesimama kwenye kingo mbili za mto. Baina yake, mita 457 za maji zimeachwa wazi. Wahandisi wa zama nyingine, wakiwa na chuma kingi na maarifa mapya, nao hawakusimamisha nguzo katika tope la katikati ya Hooghly.