Profesa Gregory, Bonde la Ufa na wapagazi wa pwani

Kila mtoto wa shule nchini hufundishwa Bonde la Ufa, lakini ni wachache wanaomjua John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyelieneza jina hilo duniani. Sisi wapwani kisa chake kinatuhusu, maana safari iliyomjengea sifa ilianzia hapa Mombasa.

Alizaliwa London mwaka 1864. Akiwa na miaka 15 aliacha shule akawa karani katika biashara ya sufu. Mchana alikuwa kazini, jioni darasani, hadi mwaka 1887 alipoajiriwa kwenye jumba la makumbusho la Uingereza, upande wa jiolojia.

Mwaka 1892 alikuja Afrika Mashariki na msafara mkubwa, nao ukasambaratika kabla ya kufika mbali. Mwingine angepanda meli arudi kwao. Gregory alikusanya wapagazi wapatao 40, wengi wao watu wa mwambao, akaondoka Mombasa Machi 1893. Alifika Ziwa Baringo, kisha akapanda Mlima Kenya hadi kwenye barafu. Baada ya kuchunguza miamba ya kuta za bonde, alieleza kuwa halikuchimbwa na mto. Ardhi ilipasuka pande mbili, na kipande cha katikati kikadidimia. Kitabu chake kilitoka mwaka 1896.

Uprofesa ukafuata, kwanza Melbourne, kisha Glasgow kuanzia 1904 hadi 1929. Kenya alirudi mwaka 1919. Mwaka 1932, akiwa na miaka 68 na bado yumo safarini, mtumbwi wake ulipinduka katika mto Urubamba, Peru, akafa maji.

Kwa bidii na ujasiri, mimi namvulia kofia. Lakini la pili silifichi. Mwaka 1925 alichapisha kitabu The Menace of Colour, akitetea weusi na weupe wakae mbalimbali. Huyo ndiye aliyebebewa mizigo na watu weusi kutoka Mombasa hadi Baringo. Bila migongo yao asingeliona bonde wala barafu.

Leo sehemu ya bonde letu inaitwa kwa jina la Gregory. Wapagazi wale hawana hata kilima. Nawaomba walimu wetu, mnapofundisha Bonde la Ufa, mtajeni profesa, na hao 40 pia msiwaache nyuma.