Laurier na Ushuru wa Jirani

Wilfrid Laurier alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka wa 1841. Alikuwa wakili, kisha mwaka wa 1896 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo mwenye asili ya Kifaransa.

Mnamo Januari 1911, serikali yake na ile ya Rais Taft wa Marekani zilikubaliana kuondoa ushuru wa forodha kwa nafaka, mifugo na mazao mengine. Wakulima wa magharibi walifurahi. Wenye viwanda wakahofia kwamba ushuru uliowakinga wao ungefuata.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Champ Clark, mbunge mashuhuri wa Marekani, alitamka hadharani kwamba alitumai bendera ya nchi yake ingepepea Kanada nzima. Basi mjadala wa bei ya ngano ukageuka kuwa mjadala wa uhuru. Ingawa suala la jeshi la majini pia lilimpunguzia Laurier kura Quebec, hofu hiyo ilimwumiza mno. Septemba 1911 alishindwa uchaguzini, na mkataba ukafa.

Laurier alifariki mwaka wa 1919. Majirani hao walianza kutekeleza mkataba wa biashara huria mwaka wa 1989. Ushuru huhesabiwa kwa fedha, lakini mapatano ya majirani husimama juu ya kuaminiana.