ALIMFIKISHA MWENZAKE NYUMBANI, YEYE AKABAKI NJIANI



Usiikunje karatasi hii kabla hujaisoma. Ni habari ya mtu aliyesafiri katika nyanda zetu hizi za kati na mzigo wa ajabu, kabla ya reli, kabla Dodoma haijawa mji. Jina lake Abdullah Susi.

MTUMISHI ASIYETOROKA

Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, Msumbiji ya leo. Mwaka 1863 aliajiriwa na Dk. David Livingstone kufanya kazi kwenye meli yake ndogo. Mwaka uliofuata akavuka naye bahari mpaka Bombay, India. Mwaka 1866 wakaingia bara pamoja. Wengi wa msafara ule walikufa au walitoroka. Susi hakutoroka. Mwaka 1871 Stanley alipofika Ujiji, Susi ndiye aliyetoka mbio kumlaki.

Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda chake, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Hebu fikiri, nani angewalaumu wangemzika palepale wakaenda zao? Lakini Susi na mwenzake James Chuma wakakata shauri: mzee lazima arudi kwao. Moyo wake ukazikwa chini ya mti, na kijana Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani wiki mbili, wakaufunga kwa nguo na gome la mti. Safari ikaanza, zaidi ya maili elfu moja kwa miguu.

Karibu na Tabora walikutana na Wazungu waliokuja kumtafuta Livingstone. Wakashauriwa wamzike hapohapo. Wakakataa! Mbele yao watu hawakutaka maiti ipite katika nchi yao, basi wakaufunga mwili ufanane na mzigo wa nguo za biashara, wakasonga mbele.

Wazee wetu waliijua njia ile kuu ya misafara kutoka Tabora kwenda pwani. Ilipasua pori kavu la Mgunda Mkali, kisha ikaingia Ugogo. Hapa kwetu hakuna msafara uliopita bure. Watemi walidai hongo, nguo na shanga, ndipo wageni wapite na kunywa maji. Usipolipa, hupiti.

Mwezi Februari 1874, baada ya miezi kama tisa, wakafika Bagamoyo. Kumbe safari yao iliishia hapo! Walilipwa mishahara yao wakaachwa ufukweni. Katika msafara ule ni Jacob peke yake aliyepanda meli na maiti. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone akazikwa London, katika kanisa la Westminster, pamoja na wakuu wa Uingereza. Baadaye mwaka huohuo rafiki wa marehemu aliwalipia Susi na Chuma nauli ya kwenda Uingereza. Walikuta maziko yamekwisha.

MIAKA KUMI NA MITATU

Mpendwa, hapa ndipo penye neno lako. Susi alimtumikia mmisionari miaka kumi. Aliiona Biblia kila siku. Alimkuta bwana wake amekufa magotini. Alimfikisha mwenzake nyumbani. Lakini yeye mwenyewe alikuwa bado hajarudi kwa Baba! Mwaka 1879 akaenda na Stanley mpaka mto Kongo. Akaongoza na misafara ya wamisionari. Nchi zote alizijua, njia zote alizijua, isipokuwa moja.

Ndipo mwaka 1886, huko Unguja, miaka kumi na mitatu baada ya Chitambo, Susi akabatizwa. Akapewa jina David, jina lilelile la mzee aliyembeba. Miaka mitano baadaye, Mei 1891, akafa hapo Unguja. Kwao Zambezi kulikuwa mbali, lakini hakufa mgeni. Alikuwa amepata nyumbani.

JE, WEWE?

Unaweza kubeba viti vya mkutano huu na bado uko porini. Unaweza kuimba kwaya, baba yako akawa mwinjilisti, ukawapeleka wengine kanisani, na wewe bado uko ufukweni unatazama meli inaondoka. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 alikumbuka nyumbani njaa ilipomkamata. Sisi watu wa Dodoma njaa tunaijua. Wazee walisimulia Mtunya, njaa kuu ya baada ya vita vya 1914, watu walivyotawanyika kutafuta chakula. Lakini ipo njaa ambayo mtama hauishibishi. Ni njaa ya kuwa mbali na Baba.

Labda unasema nimechelewa, sina cha kumpa Mungu. Sikiliza! Njia hii haina mtemi wa kukudai. HONGO IMESHALIPWA, si kwa nguo wala shanga, bali kwa damu ya Yesu msalabani. Soma 1 Petro 1:18-19. Maji yapo, kunywa bure.

Susi alipewa miaka kumi na mitatu. Wewe hujaahidiwa hata kesho. Piga magoti hapo ulipo. Mwambie Yesu kwa maneno yako mwenyewe, kwa Kiswahili au kwa Kigogo, kwamba umekwenda mbali na sasa unarudi. Tubu dhambi zako, mpokee awe Bwana wako. Kisha usiondoke kimyakimya. Mwone mtumishi wa Mungu hapo mkutanoni akuombee.

Baba anakungoja. RUDI NYUMBANI LEO!