Mutara Rudahigwa: Mfalme Aliyegawa Ng'ombe, Malisho Yakabaki

Mwezi wa Novemba 1931 mfalme aliyevuliwa madaraka alipelekwa uhamishoni Kamembe, katika Cyangugu, kusini magharibi mwa Rwanda. Alikuwa Yuhi Musinga, ambaye serikali ya Kibelgiji ilimwona kuwa kikwazo cha mipango yake. Tarehe 16 ya mwezi huo huo mwanawe Rudahigwa alitawazwa Nyanza kwa jina la Mutara wa Tatu. Alikuwa kijana wa miaka ipatayo ishirini, aliyesoma katika shule ya watoto wa machifu na kuwa chifu wa Marangara tangu 1929.

Mfalme huyo kijana aliukuta utawala uliokwisha kugeuzwa. Zamani sehemu nyingi za nchi zilikuwa na wakuu watatu: mkuu wa ardhi, mkuu wa malisho na mkuu wa jeshi. Mwananchi aliyeonewa na mmoja wao aliweza kukimbilia kwa mwingine. Kati ya 1926 na 1931 Wabelgiji waliunganisha vyeo hivyo vitatu mikononi mwa chifu mmoja. Amri zikafika upesi na kodi ikakusanywa bila mkanganyiko, lakini mlango wa malalamiko ukafungwa. Sisi tuliozoea mfuatano wa amri twaweza kuupenda mpango wa namna hiyo. Hata hivyo, jeshini na katika polisi askari huwekewa njia ya kufikisha malalamiko yake juu ya mkuu wake, na sababu yake ndiyo hiyo.

Katika Kinyaga, kama eneo la Cyangugu lilivyoitwa tangu kale, watu wengi walioelemewa na kazi za lazima na matakwa ya machifu walivuka mto Ruzizi kutafuta ujira upande wa Kongo. Kisha njaa iliyoitwa Ruzagayura ikaikumba nchi miaka ya 1943 na 1944, ikaua makumi elfu ya watu. Ikawa dhahiri kwamba nchi haiwezi kuendeshwa kwa amri na kodi pekee.

Baada ya vita, Rwanda na Burundi ziliwekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Ubelgiji ikatakiwa kutoa hesabu ya kazi yake. Ndipo ulipotungwa Mpango wa Miaka Kumi, wa 1952 hadi 1961, uliohusu kilimo, barabara, shule, hospitali na makazi mapya ya wakulima. Rudahigwa hakubaki mtazamaji. Kwa muda mrefu alikuwa akitaka ubuhake ukomeshwe, na alianzisha mfuko uliobeba jina lake kwa ajili ya masomo ya vijana. Amri ya Julai 1952 iliunda mabaraza kuanzia ngazi ya chini hadi Baraza Kuu la nchi, ingawa aghalabu viti vilikaliwa na machifu na watu wao.

Hatua yake kubwa ilikuja tarehe 1 Aprili 1954. Siku hiyo ulifutwa ubuhake, yaani desturi ya mtu kupewa ng'ombe na mkubwa, naye kumtumikia na kumtii kwa ajili ya ng'ombe hao. Iliamriwa kwamba ng'ombe wagawanywe: theluthi mbili kwa aliyewatunza, theluthi moja kwa aliyewatoa. Katika miaka michache iliyofuata ng'ombe zaidi ya 200,000 waligawanywa. Ni nadra mtawala wa kurithi kupunguza kwa hiari nguvu za tabaka lililomzunguka.

Lakini ng'ombe hula majani, na majani hayakugawanywa. Malisho, yaliyoitwa ibikingi, yalibaki mikononi mwa wakubwa wale wale. Mtu akawa na ng'ombe wake mwenyewe, kisha akalazimika kurudi kuomba mahali pa kumlishia. Uhuru alioupata kwa amri ulipotea malishoni. Hasira ikazidi, maana aliyekwisha kuahidiwa haki huumia zaidi akiipata nusu.

Mfalme hakupata muda wa kumaliza kazi hiyo. Alifariki ghafla huko Usumbura, leo Bujumbura, tarehe 25 Julai 1959, na chanzo cha kifo chake kimebishaniwa tangu hapo. Alirithiwa na ndugu yake Kigeli wa Tano Ndahindurwa, aliyezaliwa Kamembe mwaka 1936 katika uhamisho wa baba yao. Mwezi wa Novemba 1959 machafuko yalilipuka, nyumba zikachomwa na maelfu wakakimbia nchi. Mwaka 1961 ufalme ulikomeshwa.

Wapangaji wa uchumi wa nchi changa hawana budi kuyasoma maisha haya, nasi wenye sare vilevile. Mpango ukiachwa nusu, waliouandika hubaki ofisini. Anayetumwa barabarani usiku kukabiliana na matokeo yake ni askari na polisi.