John D'Angelico, fundi wa magitaa ya jazz aliyekataa kuwa kiwanda

Jina la John D'Angelico linajulikana kwa wapenzi wa gitaa la jazz duniani, ingawa yeye hakuwa nyota wa jukwaani. Alikuwa fundi wa mbao. Alifariki New York, Marekani, tarehe 1 Septemba 1964, akiwa na umri wa miaka 59.

D'Angelico alizaliwa mwaka wa 1905 katika mtaa wa Little Italy, Manhattan, kwenye familia yenye asili ya Italia. Akiwa na miaka 9 alianza kujifunza kazi kwa Raphael Ciani, mzee wa ukoo wake aliyetengeneza fidla na mandolini. Huko ndiko mkono wake ulikozoea patasi.

Mwaka wa 1932 alifungua karakana yake katika barabara ya Kenmare, namba 40. Wakati huo bendi za dansi zilijaa tarumbeta na saksafoni, na magitaa yalikuwa bado hayatumii umeme. Mpiga gitaa asiye na chombo chenye nguvu hakusikika. Kampuni ya Gibson ilikuwa imetoa gitaa la L-5 mwaka wa 1922, na D'Angelico alianza kwa kufuata mfano huo, kisha akaunda aina zake mwenyewe. Zilizovuma zaidi ni Excel na New Yorker, hili la mwisho likiwa na upana wa sentimita 46 hivi.

Siri ya kazi yake ilikuwa katika uso wa gitaa. Alichonga ubao mnene mpaka ukapata mbinuko kama wa fidla, akakata matundu mawili yenye umbo la herufi f. Ubao ukibaki mnene, sauti inabanwa. Ukichongwa kupita kiasi, unashindwa kuhimili mvuto wa nyuzi. Kipimo kilikuwa vidole na sikio.

Wateja walikuwa wengi, lakini D'Angelico hakugeuza karakana kuwa kiwanda. Alifanya kazi na wasaidizi wachache tu. Katika miaka 32 yalitoka magitaa 1,164, yaani wastani wa magitaa kama 36 kwa mwaka. Chet Atkins ni mmoja wa wanamuziki mashuhuri walioyapiga.

Karakana inayotegemea mkono wa mtu mmoja huwa hatarini siku mkono huo unapochoka. Miaka ya mwisho D'Angelico alisumbuliwa na moyo. Kilichookoa ujuzi wake ni kijana James D'Aquisto, aliyeingia karakanani mwaka wa 1952 kama mwanafunzi. Mzee alipofariki, D'Aquisto alimalizia magitaa yaliyobaki, kisha akatengeneza mengine kwa jina lake mwenyewe hadi kifo chake mwaka wa 1995.

Mwaka wa 2011, magitaa ya mafundi hao wawili yaliwekwa kwenye maonyesho katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York.