Mlinzi wa Usingizi

Mgonjwa anayepasuliwa Tarime au Serengeti humwachia roho yake mtaalamu wa dawa za usingizi. Yafaa basi tumkumbuke John Snow, mtoto wa kibarua wa York, Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1813. Alilaza wagonjwa kwa klorofomu zaidi ya mara 4,000, na mwaka 1853 alimhudumia Malkia Victoria alipojifungua. Vifo vilivyoletwa na dawa hiyo alivichunguza kimoja kimoja, akaviandika ili wenzake wajifunze. Mwaka 1855 aliongoza Chama cha Madaktari cha London. Akafariki mwaka 1858, akiwa na miaka 45. Twawasihi wataalamu wetu wakutane kila mwaka kwa moyo huo, kwani kosa lililofichwa huua tena.